Watu Kumi na Wawili, Mdomo Mmoja

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Daftari hili nilinunua ili niandike namba za sauti nitakazorekodi, lakini baharia aliyefika Durban, Karachi na Hamburg hawezi kuandika namba tupu kama karani wa ghala. Nitaandika na maneno.

Mambo ni haya. Mwalimu Kyalo, aliyenifundisha kupuliza tarumbeta nilipokuwa kijana wa winchi bandarini, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda kombo, maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayelipa kwa shingo upande. Binti yake Ndinda anamhamishia kwao Kitui tarehe 24 Juni. Hatarudi tena Mombasa. Sote twajua, hakuna anayesema.

Juzi nilipokwenda kumwona nyumbani kwake, mtaa wa Mbaraki, alinionyesha kwa kidole sanduku lililo chini ya kitanda. Ndani mna karatasi kumi na mbili za muziki, mwandiko wake mwenyewe. Ni kipande cha okestra cha Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, cha polepole, kinachofanya watu wazima wasingizie mafua. Mwalimu aliondoa fidla zote, akaweka tarumbeta mahali pake, kwa ajili ya bendi yetu ya bandarini, ya watu kumi na wawili. Alimaliza mwaka 1998. Mwezi huohuo wengi tukapunguzwa kazi, bendi ikatawanyika, na kipande hakikupigwa hata siku moja. Miaka ishirini na saba mtu anatembea na muziki kichwani ambao masikio yake hayajausikia.

Nikamwambia, "Mwalimu, utausikia kabla hujapanda basi."

Ndinda akauliza, "Utapigwa na nani, Mjomba? Wenzako wako wapi?"

"Mimi peke yangu natosha watu kumi na wawili."

Ndinda akacheka. Mwalimu hakucheka. Alinitazama mdomoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Chumba changu kiko Mji wa Kale, orofani, juu ya duka la Mzee Quresh, Mwislamu wa Kihindi, Mbohora wa kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, muuza kufuli, bawaba na misumari. Ndiye mwenye nyumba. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anayepima misumari kwenye mizani.

Godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za tuktuk. Feni nimezima, kwa hiyo narekodi kifua wazi kama mpiga mbizi. Kompyuta nimeuziwa na kijana mpiga muziki wa harusini anayeacha kazi hiyo. Kazi yenyewe ni kama kupanga chapati: unapuliza sauti moja, kompyuta inainasa, kisha unajisikiliza masikioni huku ukipuliza ya pili juu yake, halafu ya tatu, mpaka mnara usimame. Nina koneti yangu, tarumbeta fupi nililozunguka nalo dunia. Nina honi, tarumbeta la kujiviringa, na tromboni ya kuvuta. Besi, tarumbeta lile kubwa la sauti nzito, nimeazima kanisani, ina ukubwa wa mbuzi mwenye mimba.

Juu ya kila karatasi Mwalimu aliandika jina la mpigaji. Besi: Masha. Tromboni ya kwanza: Kaingu. Honi: Jeremy. Na koneti ya kwanza, ile inayoimba peke yake katikati huku wengine wakishusha sauti kama watu walioingia msibani: Joab. Mimi huyu. Hiyo nimeiweka mwisho. Nyama nono huliwa mwisho.

Sasa siri. Jino langu la mbele, la juu, linacheza. Kwa mpuliza tarumbeta jino hilo ndilo nguzo ya nyumba. Watu nimewaambia lililegea katika ugomvi wa Karachi. Kwa kweli ulikuwa mfupa wa kuku, pale Makadara. Daktari alitaka kuling'oa palepale. Nikamwambia Juni.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua juu ya mabati. Hakuna kilichorekodiwa ila mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Nimegundua saa yangu. Baada ya adhuhuri maduka yanafungwa, watu wanakula na kulala, na mtaa unatulia mpaka adhana ya alasiri. Dirisha la saa mbili na ushei. Adhana ikiingia kwenye kompyuta haitoki tena, na sitaki Mjerumani wangu asilimu bila hiari yake.

Nimerekodi besi. Nimeipuliza kama Masha mwenyewe alivyokuwa, mtu mnene aliyesinzia kwenye mapumziko na kuamka juu ya noti sawasawa. Kompyuta ina kitu cha kuhesabu, tik-tik, ukisikie masikioni ili usipotee. Nimekizima. Hiyo ni ya watoto. Mimi nimepuliza kwenye meli inayoyumba.

Katikati ya kazi, chini kukagongwa. Ng, ng, ng, ng. Ni Mzee Quresh na ule mti mrefu wa kushushia rola, ule mlango wa bati wa duka, anapiga dari lake, yaani sakafu yangu. Nikapuliza polepole zaidi, yaani nilidhani ni polepole. Akagonga mpaka mwisho.

Ijumaa, 9 Mei

Sauti nne. Kila siku nikianza, ng, ng, ng. Leo nilikutana na mkewe, Mama Maleka, kwenye ngazi, amebeba sinia ya mahamri.

"Joab bhai," akaniita, yaani ndugu kwa lugha yao, "leo pia?"

"Leo pia, Mama. Nasikitika kuwasumbua."

"Mzee anauliza wamaliza lini."

"Juni, Mama. Kabla ya tarehe ishirini na nne."

"Nitamwambia," akasema, akaniwekea mahamri mawili mkononi, na nikajua ni mahamri ya kuagana. Mtu hafukuzwi akiwa na njaa. Nimeanza kupita kichochoro cha nyuma nisionekane dukani. Mimi, niliyewatazama askari wa forodha wa Hamburg machoni, nazungukia mapipa ya taka kumkimbia mzee wa misumari. Akinitoa sasa, nitapata wapi chumba cha kupulizia besi kabla ya Juni?

Jumatatu, 12 Mei

Nasipwondi kapiga simu kutoka Webuye, mke wangu huyo, hasalimu ila tumboni.

"Umekula nini?"

"Uji na ndizi mbivu."

"Kwani umezaliwa lini, mwezi uliopita?"

Sikumwambia habari za jino. Angekuja na basi la kwanza kuling'oa kwa uzi.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Naandika kirefu.

Sauti sita tayari. Nikaketi kuzisikiliza zote pamoja, nikiwa na chai, nikijiona bwana harusi. Dakika ya kwanza, nzuri. Ya tatu, kuna kitu. Ya tano, nikaona kabisa: hawa watu sita wanakimbia. Hawakimbii sana. Wanakimbia kama watu waliosikia mvua inakuja na hawataki kuonekana wakikimbia. Kipande ambacho Mwalimu aliandika juu yake kwa mkono wake "dakika tisa, tafadhali" nimekipiga kwa saba na nusu.

Nikatafuta mwizi. Nikasikiliza besi peke yake, kwa kuwa wote wanaifuata hiyo. Na chini ya besi nikalisikia lile gongo la Mzee Quresh, limeingia kwenye kinasa. Ng, ng, ng, ng. Nikalaani. Kisha nikarudisha nyuma, kwa sababu nilisikia jambo. Gongo halikimbii. Mwanzo wa kipande mimi na gongo twaenda sambamba. Kufika katikati mimi niko mbele, lenyewe liko palepale. Kufika mwisho nimeliacha kama basi lililomwacha abiria.

Hata hasira ya mzee ina mwendo kuliko mimi.

Na nikajua nilikuwa nakimbia nini. Adhana. Kila nilipopuliza jicho moja lilikuwa kwenye saa ya ukutani, nimalize kabla ya alasiri, na pumzi ikaifuata saa. Masha hakusinzia kabisa. Nilimwamsha kila mara.

Nimefuta zote sita. Niliweka kidole kwenye kitufe, nikasali, nikabonyeza. Zimebaki siku arobaini na moja, na jino lenye siku zisizojulikana.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewasha tik-tik. Naandika hapa tu, na hapa pasomwe na mende peke yao. Nimerekodi besi upya, kwa vipande, saa nimeifunika taulo.

Chini, kimya. Hakugonga hata mara moja.

Jumatatu, 19 Mei

Besi na tromboni mbili. Bado hagongi. Naogopa kimya hiki kuliko gongo. Mtu anayegonga bado anazungumza nawe. Anayenyamaza amekwenda kwa wakili.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua kubwa, mfereji wa nyuma umefurika. Sauti tano.

Jumatatu, 2 Juni

Nilikwenda Mbaraki. Mwalimu amepungua, shingo imekuwa ya kuku. Nilitaka kumsikilizisha sauti saba zilizo tayari nikajizuia. Mtu aliyengoja miaka ishirini na saba haletewi ugali mbichi. Nilipomtajia kipande, mkono wa kushoto ukaanza kupiga shuka. Nikautazama. Polepole kabisa. Nikauiba mwendo huo moyoni nikaulinganisha na wangu nyumbani. Ni uleule. Nusura nilie, nikasingizia mafua.

Ndinda alinisindikiza mlangoni. "Mjomba, asiposikia hatakulaumu. Wewe ulijaribu."

"Usinizike nikiwa wima, mwanangu."

Lakini njiani kurudi nilikuwa nagusa jino kwa ulimi kila hatua ya tatu.

Jumatatu, 9 Juni

Sauti tisa. Jino linaning'inia. Nalala kifudifudi, nisilimeze.

Jumamosi, 14 Juni

Ninaandika kwa aibu, na herufi zinaniona.

Saa nane nilimaliza sauti ya kumi na moja. Nikazisikiliza zote. Dakika tisa, kasoro sekunde nne. Masha anasinzia na kuamka. Kaingu anavuta tromboni kwa madaha yake yale ya kutafuta wasichana. Jeremy kwenye honi ana haya, kama alivyokuwa. Niliwasikia, haki ya Mungu, wote wako chumbani wamebanana kitandani. Katikati wanashusha sauti, wanafungua nafasi, na nafasi ile ni tupu. Ilikuwa inaningoja mimi.

Mtu mwenye akili angepuliza palepale. Lakini saa ya alasiri ilikuwa imekaribia, nikasema kesho, kwa utulivu. Na furaha ilikuwa imenijaa, haikutosha chumbani. Nikachukua koneti, nikatoka kwenda Makadara kula viazi vya karai.

Pale kwenye karai palikuwa na madereva wa tuktuk. Nikawaambia. Kwa nini niliwaambia? Nikasema nimefanya bendi ya watu kumi na wawili kwa mdomo mmoja, Afrika Mashariki nzima hakuna.

Mmoja wao, mwenye fulana ya kijani, akasema, "Mzee, mdomo wa kusema au wa kupuliza?"

"Vyote viwili."

"Wa kusema tumeuona."

Wakacheka. Muuza viazi naye akacheka, na viazi vyangu mkononi mwake. Basi nikaifungua koneti. Nikapiga ile solo ya Mwalimu, ile ya koneti peke yake, iliyongoja tangu 1998, pale baina ya karai na mtaro. Na ilikuwa nzuri. Ndiyo msiba wenyewe. Sijawahi kupiga vizuri vile maishani mwangu. Yule wa kijani alizima injini.

Noti ya juu, ya mwisho, nikabana midomo, nikasikia kitu kama punje ya mahindi kikigonga kwenye mdomo wa koneti. Kisha damu.

Walinipigia makofi, wakidhani nimemaliza.

Jumapili, 15 Juni

Nimejaribu. Kunatoka upepo na mate. Sauti yenyewe ni ya puto linalokufa.

Jumatatu, 16 Juni

Sikutoka. Jino liko kwenye kikombe cha kahawa juu ya meza.

Jumanne, 17 Juni

Saa saba na nusu nikasikia ngazi zikilia, hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Nikajua ndiyo siku ya notisi. Mlango ukabishwa kwa heshima. Mzee Quresh, kofia imekaa sawa, anahema, na kidude cha pumu mkononi. Miaka sita nakaa hapa, hajawahi kupanda.

"Joab bhai. Siku tatu kimya. Umemaliza?"

"Nimemalizika, Mzee." Nikamwonyesha pengo.

Akalitazama kama bawaba iliyovunjika. "Na ile ya katikati? Ya koneti?"

Nikashangaa. "Wajuaje kama kuna ya katikati?"

"Wewe wapiga watu kumi na moja wanaomngoja mmoja. Hata Maleka aliye jikoni ajua."

Nikakaa kitandani. Nikasema lililokuwa kifuani, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena. "Mzee, ulinigongea dari wiki mbili. Mimi najua hunitaki hapa."

"Nani kasema sikutaki?" Sauti yake ikapanda kidogo, akalazimika kuvuta dawa. "Ulikuwa wakimbia. Mimi nilikuwa nakushika."

"Na mbona uliacha?"

"Uliacha kukimbia. Nigonge nini, misumari?"

Kisha akaniambia, kwa maneno yake ya kupimwa. Miaka ishirini na miwili alipuliza koneti katika bendi ya maandamano ya jamaa yao, wakipita mitaa hiihii siku za sherehe, mbele kabisa, safu ya kwanza. Niliwahi kuwaona miaka hiyo, nimesimama kando ya barabara nikisema sisi wa bandarini tunawashinda. Pumu ikamtoa. Tangu hapo huhesabu tu. Husikia redio akahesabu, husikia mashine ya cherehani akahesabu.

"Solo hii kwa mwenye mapafu ni pumzi nne," nikasema.

"Kwangu mimi?"

Nikaitazama kompyuta. Nikaona mlango pale nilipokuwa nimeona ukuta. "Kwako ziwe hata ishirini. Unapiga pumzi moja, unakaa, unakunywa chai, unapiga ya pili. Mimi nitazishona."

Akahesabu siku kwa vidole. "Mwezi wa Muharram ukiandama ni maombolezo, sipulizi. Na ile tarehe uliyomwambia Maleka ni lini?"

"Jumanne ijayo."

"Basi kesho, baada ya adhuhuri. Na kama mashine yako huhesabu tik-tik, uizime. Sitaki kuhesabiwa na mashine."

Alhamisi, 19 Juni

Koneti yake imefungwa kwa kitambaa cha meza, inang'aa kuliko yangu. Alipaka mafuta valvu, vile vitufe vya kubonyezea sauti, kwa nusu saa. Pumzi sita leo. Baada ya kila moja anashika ukingo wa meza, Mama Maleka yuko mlangoni na chupa ya chai na macho makali.

"Quresh, yatosha."

"Moja tena."

"Ulisema hivyo ile nyingine."

Nawaza akianguka hapa chumbani kwangu nitamwambia nini huyu mama.

Jumamosi, 21 Juni

Pumzi ishirini na tatu. Tumemaliza. Alipoishusha koneti midomo yake ilikuwa ya samawati, nikamkalisha, nikampepea kwa karatasi ya Jeremy.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshona kutwa nzima. Kabla ya kila kipande inasikika pumzi yake ikivutwa, kavu, kama mlango wa duka la zamani. Kompyuta inaweza kuzifuta. Nilizifuta nikasikiliza. Ilikuwa safi na haikuwa na mtu. Nimezirudisha.

Na nikiri kishawishi. Mwalimu hasemi vizuri, Ndinda hajui muziki. Naweza kusema wote kumi na wawili ni mimi. Nani atakayebisha?

Jumatatu, 23 Juni

Nilibeba kompyuta ndani ya mfuko wa unga. Nyumba ya Mbaraki imeshafungwa masandukuni. Mwalimu ameketishwa dirishani, blanketi magotini. Niliweka spika mezani, na karatasi zote kumi na mbili juu ya mapaja yake.

Besi ikaingia. "Masha," akasema Mwalimu. Neno zima, halikuvunjika. Tromboni ikaingia. "Kaingu." Ndinda akanitazama. Honi. "Jeremy," na nusu ya mdomo wake ikatabasamu kwa ile haya. Aliwataja wote walivyoingia, mkono wa kushoto ukiwashika. Mimi nilisimama nyuma ya kiti kama mhudumu.

Kisha wakashusha sauti. Ile pumzi kavu. Koneti.

Mkono ukasimama hewani. Alisikiliza mpaka ikaisha.

"Si... wewe."

"Ni yeye, Baba," akasema Ndinda. "Wote ni Mjomba Joab."

"Si yeye."

Nilikuwa na uongo mdomoni, umeiva, lakini ulitokea kwenye pengo ukaanguka. "Si mimi, Mwalimu. Mimi niliipiga Makadara kwa majisifu, jino likatoka. Huyo ni mwenye nyumba wangu, Mzee Quresh. Muuza kufuli. Ana pumu."

Nilingoja. Nimengoja hukumu ya nahodha nikiwa nimelewa zamuni, haikuwa ndefu vile.

"Rudia," akasema.

Tukarudia mara tatu. Ya tatu mkono ulipiga mpaka mwisho. Halafu akaonyesha penseli ya Ndinda. Akaitafuta karatasi ya koneti ya kwanza, na kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akalikata jina Joab. Chini yake akaandika, herufi zikianguka huku na huku: Kuresh.

Sitasema haikuniuma. Jina lilikuwa limekaa pale miaka ishirini na saba.

Kisha akaninyooshea kidole, nikainama, akaligusa pengo langu kwa ncha ya penseli, na akacheka. Kicheko cha upande mmoja, lakini chote.

Jumanne, 24 Juni

Basi limeondoka saa moja na nusu. Mvua haikunyesha.

Jumanne, 15 Julai

Nina jino jipya. Daktari amenikataza kupuliza miezi miwili. Ndinda ameandika kwamba kila asubuhi Mwalimu anataka ile spika, na kwamba majirani wa Kitui sasa wanajua jina la Masha.

Manyunyu kidogo baada ya adhuhuri. Siku za Muharram za kuomboleza zimepita, na leo chini dukani, rola ikiwa imeshushwa nusu, nikasikia koneti. Pumzi fupifupi, mazoezi ya kupanda na kushuka sauti. Nikaacha uji wangu, nikasikiliza. Alianza vizuri. Kufika noti ya tano akaanza kukimbia, nikajua anatazama saa.

Nikauchukua ufagio, nikaugeuza, nikagonga sakafu. Moja, mbili, tatu, nne. Chini akaacha kupuliza. Kisha koneti ikaanza tena, polepole, pamoja nami.